"Niliona fursa": maswali yenu kuhusu podikasti ya biashara

Naendesha podikasti ya mahojiano kuhusu ubunifu katika biashara, na wiki hii maswali yamekuja mengi kutoka kwa wanaotaka kuanzisha za kwao. Nimechukua matano.

Kila mgeni ninayemhoji anasema "niliona fursa nikaichangamkia", basi, maongezi yanakwisha. Nifanyeje? (Morogoro)

Ndugu yangu, usimuulize alipataje wazo. Swali hilo ameulizwa hadi jibu limekuwa wimbo. Muulize mteja wake wa kwanza alikuwa nani, alilipa shilingi ngapi, na alilalamikia nini. Muulize kuna kitu gani alikitengeneza kikamdodea. Kisha nyamaza. Kipindi changu cha kwanza nilimkatiza mgeni kila alipovuta pumzi, na niliposikiliza rekodi niliona haya. Mtu akimaliza kujibu, ukikaa kimya kidogo, ataongeza jambo moja. Mara nyingi ndilo uliloendea.

Ubunifu si ni kuvumbua mashine au programu mpya? (Mombasa)

Tuitazame M-Pesa. Majaribio yake yalipoanza Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa dogo: wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya walipe marejesho yao kwa simu. Watu walipoishika wakaitumia kwa mambo yao. Wakatumiana pesa. Wengine walimpa wakala fedha kabla ya kusafiri, wakazitoa walipofika, ili wasibebe noti njiani. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, habari ya marejesho ilikuwa imewekwa kando na tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania.

Ujumbe mfupi wa simu haukuwa mgeni wakati huo, wala duka la vocha. Mafundi walifanya kazi kubwa, sikatai, lakini kilichoibeba ile huduma ni kwamba waliokuwa wakiisimamia walitazama watu wanaifanyia nini, wakakubali kubadili walichokipanga. Kwa hiyo nikimhoji mwenye programu ya simu, namuuliza wateja wake wanaitumiaje tofauti na alivyokusudia. Asiyejua, namshuku.

Nimealikwa kuhojiwa, lakini naogopa wazo langu litaibwa. (Dodoma)

Wazo tupu halina ulinzi, liwe limesemwa au limefichwa. Kama ni kifaa au njia mpya ya kiufundi, hapo kuwa mwangalifu kweli: hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichovumbua, hutolewa kwa kitu kipya, na ukikieleza hadharani kabla ya kupeleka maombi unaweza kujiharibia mwenyewe. Kwa Tanzania Bara ofisi ya hataza ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni: nenda huko kwanza, maikrofoni baadaye. Kwa Kenya ni KIPI, taasisi ya serikali inayoshughulikia hataza. Kama ni siri ya pilipili yako ya chupa, eleza ulivyopata wateja, vipimo bakia navyo.

Lazima ninunue maikrofoni ya bei? (Kisumu)

Hapana. Simu inatosha, ila rekodi chumbani penye godoro na mapazia, si sebuleni kwenye vigae. Zima feni. Zima na friji, na uweke funguo zako ndani yake ili usitoke bila kuiwasha tena.

Mama yangu anauza maandazi. Nimhoji, au nitachekwa? (Tanga)

Mhoji! Muulize unga ukipanda bei anapunguza ukubwa wa andazi au anapandisha bei, na aliamuaje. Muulize anakopesha akina nani, na anakumbukaje madeni bila daftari. Muulize kwa nini amekaa kona ile na si ile ya pili. Majibu hayo ningeyasikiliza kabla ya ya mkurugenzi yeyote. Ila nenda saa nne, beseni likishakuwa tupu. Ukimfuata alfajiri mafuta yakiwa motoni, atakufukuza na mwiko.