Mgombea akibisha hodi, muulize kiti chake kinaweza nini

Tangu kura za serikali za mitaa za tarehe 27 Novemba 2024, na zile za madiwani za Oktoba 2025, maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu waomba kura hayajakatika. Haya ni baadhi yake.

Aliyeomba uenyekiti wa mtaa alituahidi kushusha ushuru wa meza sokoni. Kapata, ushuru uko palepale. Katudanganya? (Mama muuza samaki, Feri, Mtwara)

Pole, mama. Alikuahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwake. Ushuru wa soko unawekwa na sheria ndogo za halmashauri. Zinapitishwa kwenye Baraza la Madiwani, kisha zinapelekwa kwa waziri kuidhinishwa. Mwenyekiti wa mtaa hana kura kwenye baraza hilo. Mwenye kura ni diwani wa kata yako, yule unayemchagua siku moja na rais na mbunge.

Kazi ya mwenyekiti inaishia mtaani: kuongoza kamati ya mtaa, kuitisha mkutano wa wakazi, kusimamia usafi na ulinzi, kusuluhisha ugomvi mdogo mdogo, kukugongea muhuri barua ya utambulisho. Mtendaji wa mtaa ni mwingine tena. Yeye ni mwajiriwa wa halmashauri, hapigiwi kura. Hawa watatu tunawachanganya kila siku, na muomba kura mjanja anapenya hapohapo.

Wenye meza mkae, mwandike hoja yenu, mmpelekee diwani na mmuulize ataifikisha lini. Halafu baraza likikaa, nendeni watatu wanne mkasikilize. Mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Nimekaa kwenye viti vile vya nyuma mara kadhaa, na nimeona jinsi diwani anavyosema akijua watu wa kata yake wamo ukumbini. Hata karatasi zake anakuwa amezisoma.

Nikila cha mgombea kisha kura nikampa mwingine, ubaya uko wapi? (Bodaboda, Magomeni)

Ndugu yangu, swali hili naulizwa kila msimu, na kila msimu linaniuma. Zamani kulikuwa na neno tamu, takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, liliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000. Mahakama Kuu ikaifuta Aprili 2006, ikisema inakwenda kinyume na Katiba. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji pia. Kwa hiyo unapopokea ile elfu tano, nawe umo.

Lakini acha sheria, nikwambie nilichokiona. Siku chache kabla ya kura za mitaa za Desemba 2014, kijana alipita uchochoroni kwetu jioni na mifuko ya rambo. Ndani mna sukari, nusu nusu kilo, imefungwa fundo. Mkono mwingine ana daftari la shule. Kila nyumba anaandika jina, anahesabu vichwa, anatoa mfuko. Jirani yangu mmoja, mjane, alipokea miwili. Miezi kadhaa baadaye mtaro uliokuwa mbele ya mlango wake uliziba, maji machafu yakaingia hadi jikoni. Akaenda kwa mwenyekiti. Alirudi kimya, akakaa kizingitini na ndoo yake, kisha akaniambia alichojibiwa: "Mama, wewe si ulishachukua chako?"

Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, kupiga ni bure. Mkija kupewa, pigeni.

Nauza kiwanja, mwenyekiti anataka asilimia kumi ndipo agonge muhuri. Ni haki yake? (Mzee wa Rasbura, Lindi)

Si haki yake, mzee wangu. Desturi hii imezoeleka hadi wengine wanaitaja bila haya, lakini mazoea hayajawahi kuwa sheria. Malipo halali ya halmashauri yana namba ya malipo na yana stakabadhi. Akikwambia "weka hapa", mwombe stakabadhi ya halmashauri. Na uchaguzi ukifika, hili liwe swali la kwanza mkutanoni, lisemwe kwa sauti mbele ya wagombea wote: muhuri utatugharimu shilingi ngapi?

Novemba nakuwa shambani Tandahimba naokota korosho. Nitapigaje kura? (Mkazi wa Naliendele)

Kura ya mtaa inapigwa pale unapoishi, na ina daftari lake. Kadi yako ya mpiga kura haitoshi kama jina halimo kwenye orodha ya mtaa. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu, na wengi wenu mlikuwa mmeshaondoka. Ukisikia tarehe zimetangazwa, kajiandikishe kwanza ndipo ufunge mzigo. Siku ya kura omba nauli ya kurudi kwa wenzio wa shambani kuliko kuiomba kwa mgombea.

Nina miaka 22, nataka kugombea 2029. Nianzie wapi? (Binti wa Chikongola)

Barua yako, mwanangu, nimeisoma mara mbili kwa furaha. Umri unao, maana unaotakiwa ni miaka 21. Ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa mtaa huo, uwe na shughuli halali ya kukupatia kipato, na udhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi sheria yetu haimruhusu. Kwenye kamati ya mtaa kuna nafasi za kundi la wanawake, lakini usikubali kuambiwa hiyo ndiyo peke yake. Nafasi za kundi mchanganyiko, la wanaume kwa wanawake, na uenyekiti wenyewe ziko wazi kwako.

Kampeni za 2024 zilikuwa siku saba. Siku saba hazitoshi kujulikana, kwa hiyo anza sasa. Hudhuria mikutano ya mtaa na uulize mapato na matumizi. Wamama wa uchochoro wako wanaamka na ndoo saa kumi alfajiri kutafuta maji? Amka nao, jua foleni ina watu wangapi. Siku ukibisha hodi kuomba kura, utakuwa unajua unachokisema.

Akibaki mgombea mmoja, niende kituoni? (Msomaji wa Mingoyo)

Nenda. Mwaka 2019 wengi walipita bila kupingwa, lakini 2024 mgombea pekee alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hapana nayo inahesabiwa.

Diwani anasema mikopo ya vikundi kaileta yeye. Kweli? (Kikundi cha kinamama, Mtanda)

Dada zangu, ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Iko kwenye sheria na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na diwani wenu hakuwa na mkono hapo. Kinachomhusu ni hiki: vikundi vingapi vya kata yake vimeomba, vingapi vimepata, na vilivyokosa vilikosa kwa sababu gani. Mwambieni awasomee orodha hiyo mkutanoni, jina la kikundi kwa jina.