Paneli ya kengele kwa zoni 11: ipi, na uiprogramu vipi

Una milango 4 na sensa 7 za mwendo, kila kimoja kikiwa zoni yake (mstari wake kwenye paneli), na unataka taa ziitikie kupitia Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Chukua DSC PC1832: ubaoni ina zoni 8, na moduli ya PC5108 inaongeza nyingine 8. Daraja la kufikia Home Assistant ni EnvisaLink 4, inayofungwa kwenye nyaya nne za Keybus (njia ya mawasiliano ya paneli na vifaa vyake). Ukiagiza kutoka Marekani, usichomeke transfoma ya 120V inayokuja nayo. Tafuta ya 230V inayotoa 16.5V AC, 40VA. Betri: 12V, 7Ah.

Kazi nyingi huharibikia kwenye rezista, vipande vidogo vinavyoiwezesha paneli kujua hali ya kila waya. Ni za 5.6k (ohm 5,600), na kila moja hukaa kule kwenye sensa, mwisho wa waya. Mafundi huzirundika ndani ya boksi la paneli kwa sababu ni rahisi. Basi nyaya za mlango zikigusanishwa njiani, paneli itaona mlango umefungwa hata ukiwa wazi.

Kuprogramu, kwenye kibodi ya kengele: *8, kisha msimbo wa fundi, ambao ukiwa mpya ni 5555. Sehemu 001 huweka aina za zoni: mlango wa kuingilia 01 (hukupa muda wa kuzima kengele), mingine 03 (hulia papo hapo), sensa za ndani 05 (zinajizima ukiwasha kengele huku umelala ndani). Zoni 9 hadi 11 ziwashe sehemu 203, la sivyo hazitaonekana kabisa. Muda wa kuingia uko 005; sekunde 30 zinatosha. Badilisha 5555 kupitia 006.

King'ora kiachie paneli yenyewe. Kompyuta ya Home Assistant ikikwama, taa tu ndizo zisiwake.