Kufunga ABS kwenye Corolla AE110 iliyotoka kiwandani bila mfumo huo

Ndugu, umeuliza kama fundi umeme yeyote anaweza kukuunganishia ABS (mfumo unaozuia magurudumu kugoma, yaani kuacha kuzunguka huku gari bado linasonga, unapokanyaga breki kwa nguvu) kwenye Corolla AE110 yako, kwa kuwa umekwisha kununua nusu ya mbele ya gari la aina hiyo hiyo kutoka Japani, ikiwa na pampu na kompyuta yake. Kazi hiyo niliifanya kwenye gari langu nikisaidiwa na fundi breki na fundi umeme, na jibu langu ni kwamba inawezekana, ila ulichonunua ni nusu ya mfumo.

ABS ya gari hilo husoma mwendo wa kila gurudumu na kulegeza breki ya lile linalotaka kugoma. Sensa za nyuma, habu zake (vitovu vya magurudumu) zenye pete ya meno, na nyaya zinazopita chini ya zulia hadi kwenye kompyuta, vyote vilibaki upande wa pili wa msumeno. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja, tafuta vifaa hivyo, tena vya gari la kizazi hicho hicho na lenye breki za nyuma za aina moja na zako, yaani ngoma kwa ngoma au diski kwa diski. Kwa mbele, usiache draivu shafti za hiyo nusu gari, kwa sababu pete ya meno imefungwa kwenye jointi ya nje na draivu shafti zako huenda hazina. Hesabu meno ya kila pete, kwani pete yenye idadi tofauti na ile inayotarajiwa na kompyuta huifanya iamini kwamba gurudumu hilo linakwenda polepole au haraka kuliko mengine, na hapo breki italegezwa bila sababu.

Sasa nyaya, ambazo ndizo ulizouliza. Sensa za magari ya miaka hiyo hazisubiri kupewa umeme. Huzalisha umeme wao mdogo wa AC (mkondo geu) kadiri meno yanavyopita mbele ya sumaku, na umeme huo huongezeka mwendo unapoongezeka. Umeme mdogo hivyo huvurugwa kirahisi na nyaya za jirani, ndiyo maana kiwanda kilitumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Fundi akiunga waya wa kawaida wa spika na kuupitisha kando ya waya wa alteneta, kompyuta itapokea kelele za umeme badala ya mwendo. Chukua mkanda mzima wa nyaya pamoja na soketi zake, na panapolazimu kuunga, kiungo kichomwe kwa risasi na kufunikwa vizuri, lakini kamwe kisiwe kwenye kipande kinachopinda gurudumu linapokata kona. Mota ya pampu hutumia umeme mwingi, hivyo inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye betri wenye fyuzi na rilei zake za asili, pamoja na athi safi kwenye bodi. Waya wa swichi ya taa za breki nao lazima ufike kwenye kompyuta.

Taa ya ABS kwenye dashibodi iunganishwe bila mjadala. Inatakiwa iwake unapofungua swichi, kisha izime baada ya sekunde chache. Wapo mafundi wanaoitoa balbu ili mteja aondoke na furaha; huyo mwondoe yeye. Taa ikibaki inawaka, unganisha matundu ya Tc na E1 kwenye soketi ya uchunguzi uhesabu mimweko yake: kodi 31 hadi 34 huelekeza kwenye sensa za magurudumu. Kabla ya hapo, pima ukinzani (ohm) wa kila sensa kwa mita ukiwa kwenye soketi ya kompyuta badala ya kwenye gurudumu, ili upime na waya wake pia. Namba za zile mbili za mbele zinapaswa kukaribiana, na za nyuma vivyo hivyo.

Upande wa mabomba ndiko kwenye hatari inayojificha. Pampu ina matundu manne ya kwenda kwenye magurudumu, na ukibadilisha la kushoto kwa la kulia, gari litasimama kama kawaida kila siku, hadi siku gurudumu moja litakapoteleza na kompyuta ikalegeza jingine. Piga picha na uweke alama kabla ya kufungua chochote. Tumia masta silinda na vali ya kugawa presha za gari lenye ABS, na ikague pampu kama matundu yake yaliachwa wazi, maana unyevu huingia na kuleta kutu ndani.

Majaribio yafanyie kwenye lami yenye maji, mahali pasipo na watu, ukianza na mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Pedali itatetemeka mguuni, na usukani utaendelea kutii. Usishangae magurudumu yakigoma kidogo mwishoni kabisa, kwa kuwa mfumo hujitoa mwendo unapokuwa mdogo sana. Na kama safari zako nyingi ni za barabara za changarawe, ujue kwamba huko ABS huweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lililogoma hujikusanyia kokoto mbele yake na kukwama, jambo ambalo ABS inalizuia. Unachobaki nacho ni uwezo wa kukwepa.

Ukikosa vifaa vya nyuma, muuzie pampu hiyo mwenye AE110 ambaye yake imekufa, na fedha zake uzielekeze kwenye matairi mazuri, ngoma za nyuma na mafuta mapya ya breki.