Milima ya Kongo, pembe nne za dunia na ubishi wa mume na mke

Tangu klipu ya "dunia ni bapa kama sinia" ianze kuzunguka kwenye magrupu yetu hapa Kigoma, simu yangu haipumziki. Leo najibu watano.

*Mwalimu, shikamoo. Mvua ikikatika, nikiwa ufukweni naiona milima ya Kongo waziwazi. Kama dunia ni mviringo, si maji yangeificha? (Kijana, Kibirizi)*

Marahaba, mwanangu. Milima unaiona. Ufukwe wa Kongo je? Nyumba zake, mitumbwi iliyovutwa mchangani? Hujaviona hata siku moja. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Ukisimama ukingoni, upeo wa macho yako uko kilomita 5 hivi. Kuanzia hapo uso wa maji unainama, na ukifika kilomita 50 umekwisha kuficha zaidi ya mita 100 za chini ya kilicho ng'ambo. Milima ile imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa, ndiyo maana vichwa na mabega vinabaki. Miguu imefichwa. Dunia ingekuwa sinia, siku ya anga safi darubini nzuri ingekuonyesha mpaka mchanga wao.

*Suratul Ghashiya aya ya 20 inasema ardhi imetandazwa. Mwanangu anadai anayesema ni mviringo amekufuru. (Mama, Ujiji)*

Mama, mwambie aanzie aya ya 17. Mtu anaitwa atazame ngamia, kisha mbingu, milima na ardhi: vitu anavyoviona msafiri akiwa pale alipo. Na chini ya miguu yake ardhi imetandazwa kweli. Ibn Hazm, mwanachuoni wa Kiislamu wa Andalusi (Hispania ya leo) aliyefariki mwaka 1064, aliandika kwamba hakuna imamu wa kutegemewa aliyekanusha umviringo wa dunia. Huyo naye tumkufurishe?

Kisha muulize kwa nini Ramadhani hatufuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam. Kwao jua huzama kama dakika 40 kabla ya kwetu. Jua linalozunguka juu ya sinia lingesogea mbali na kuonekana dogo, lakini lisingezama, na sisi tungekuwa bado tumefunga.

*Ufunuo 7:1 inataja pembe nne za dunia. Biblia ni Neno la Mungu, si hekaya. (Mlokole, Kasulu)*

Ndugu yangu, hakuna aliyesema hekaya. Zaburi 104:5 inasema nchi imewekwa juu ya misingi yake. Ayubu 26:7 inasema imetundikwa pasipo kitu chochote. Ukizisoma zote mbili kama ramani ya mpima ardhi, unaigombanisha Biblia na Biblia. Wenzangu wengine hukimbilia Isaya 40:22, "duara ya dunia", wakidhani wameshinda. Mimi siitumii, maana hata sinia ni duara. Waandishi wale walisema kama macho yanavyoona, na sisi tunafanya hivyohivyo: kila jioni tunasema jua limezama, na hakuna Mkongo aliyewahi kulikuta limelowa.

*Kwa nini NASA wanatuficha? (Mwanga)*

NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilianzishwa mwaka 1958. Mtaalamu wa Kigiriki Eratosthenes alikadiria mzingo wa dunia kwa vivuli vya jua kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alimficha nani?

*Mume wangu hataki hesabu wala aya. Anataka kuona kwa macho yake. (Katonga)*

Huyo nampenda. Nendeni ufukweni usiku, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani, mkahesabu taa zao. Halafu pandeni kilimani haraka mhesabu tena. Pale chini, taa ya mtumbwi ulio mbele ya kilomita 10 hivi imeshazama nyuma ya maji. Mkipanda mita 100, upeo unasogea hadi kilomita 35 na taa zilizozama zinaibuka. Ila msiende wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wanakuwa wamepumzika, mtahesabu giza na atasema ameshinda.