Ichukue, ila usiichukue muhula wa kwanza

Mdogo wangu, umesema unasoma biolojia, linia aljebra (hesabu ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja kwa matriksi, yaani majedwali ya namba) kwenu ni ya hiari, na kaka zako wa Iringa wanakwambia "hiyo ni ya watu wa hesabu". Mimi nasema ichukue.

Chukua mfano wa shamba la viazi hapa Mbeya. Hekta inataka kilo 64 za naitrojeni, 46 za fosfati, 60 za potashi. Mbolea ya DAP ni 18-46-0 (asilimia za naitrojeni, fosfati na potashi, kwa mpangilio huo), urea 46-0-0, MOP 0-0-60. Hiyo ni milinganyo mitatu yenye vitu vitatu visivyojulikana. Fosfati inakupa kilo 100 za DAP, naitrojeni iliyobaki kilo 100 za urea, potashi kilo 100 za MOP. Mifuko miwili miwili ya kilo 50, kwa kichwa tu. Sasa weka viwanja 200, mvua, pH (uchachu wa udongo) na mwinuko, utafute kipi kinapandisha mavuno. Hapo kichwa hakitoshi, na programu ya takwimu utakayobonyeza inafanya matriksi ndani yake. Ikikutolea jibu la ajabu kwa sababu safuwima mbili zinasema kitu kilekile, utajuaje?

Tena ninyi wa biolojia mna matriksi ya Leslie ya tangu 1945, jedwali la uzazi na kunusurika kwa kila rika: eigenivalyu yake kubwa (namba ambayo kundi hatimaye huzidishwa nayo kila kipindi) ikizidi 1, kundi linaongezeka, ikipungua chini yake, linakwisha.

Ila si muhula wa kwanza: matriksi za 2 kwa 2 za kidato cha nne zipitie upya kwanza. Na usiipange muhula mmoja na kemia ya ogania, mimi nilifanya hivyo nikarudia mtihani.