Jibu: lile swali la halua kilo 4 na nusu

Dada, mwanao kazidisha badala ya kugawa ndo mana akapata 3 na 3/8. Swali lasema halua kilo 4 na nusu, kila paketi robo tatu kilo, zatoka paketi ngapi. Kabla hajashika kalamu mwambie ajione yuko mtaa wa Langoni kwa muuza halua, paketi ni ndogo kuliko kilo, sasa zitakuwaje chache kuliko kilo zenyewe, lazima zipite 4! Halafu akate yote robo robo, kilo 4 ni robo 16, ile nusu ni robo 2, jumla 18, kila paketi yala robo 3, basi paketi 6. Ile kanuni ya geuza uzidishe, yaani 3/4 igeuke 4/3, ndo hiyo hiyo, mara 4 umekata robo, gawa kwa 3 umefunga paketi (mie nilikaririshwa tu kwa kiboko).

Wengi hunaswa kwenye masalio. Halua ikiwa kilo 5 ni robo 20, zatoka paketi 6 zabaki robo 2, mtoto aandika 6 na nusu kwa vile imebaki nusu kilo, kumbe robo 2 ni theluthi mbili za paketi, jibu 6 na 2/3. Wakiuliza paketi zilizojaa ni ngapi, aandike 6 tu.