Kubani muvi za DVD kwenye CD kwa ajili ya wateja

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nina kibanda karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, ninakodisha muvi na kubani CD. Wateja wangu wengi wanashuka kutoka Uru na Kibosho, na deki zao ni za zamani, hazisomi DVD. Wengine wanakuja na DVD zao niwawekee kwenye CD, wengine wanachagua jina tu kwenye orodha yangu nami ninawabania. Ndugu mmoja msikitini ameniambia kipato changu ni haramu. Mwingine ameniambia nisijali, kwa sababu wenye muvi ni matajiri wa Marekani, wala si Waislamu. Nishike lipi, na CD ambazo nimeshaziandaa nizifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo, kijana wangu, swali lako limekusanya wateja wa aina mbili ambao hukumu zao si moja, ingawa wote wanaondoka kibandani kwako na CD za aina moja.

Kwanza tujue ni nini hasa kinachouzwa. Anayenunua DVD dukani anaimiliki sahani ile: anaweza kuitazama, kuiazima, kuitoa zawadi, hata kuiuza akishaichoka. Haki ya kuizalisha filamu ile hakuuziwa, na bei aliyolipa haikuwa bei ya haki hiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu huku tumelelewa nayo, manfaa ni mali kama kitu chenyewe kilivyo mali, na ndiyo maana mtu akiikalia nyumba ya mwenzake kwa nguvu analazimika kumlipa pango la muda wote aliokaa, hata kama hakuondoka na tofali moja. Wanazuoni wa Kihanafi wa zamani walilitazama jambo hili kwa namna nyingine, kwa kuwa kwao mali ni kile kinachoweza kuwekwa akiba, na kwa msingi huo wapo wanazuoni wa karibuni waliokataa kwamba hakimiliki ni mali ya kuuzwa. Ninaiheshimu rai yao, lakini siioni kuwa na nguvu leo, wakati desturi ya watu imekwisha kuipa haki hiyo thamani na watu wanaiuza na kuinunua. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, yaani baraza la wanazuoni wa sharia, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, iliamua katika azimio lake namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali za wenyewe, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Nchini kwetu pia ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na sheria isiyoamrisha maasi tunawajibika kuitii.

Kwa hiyo yule anayechagua jina kwenye orodha, ukambania na kumuuzia, biashara yake haifai. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kwamba tusiliane mali zetu kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Wewe umeridhia na mteja ameridhia, lakini mwenye filamu hakuulizwa.

Yule anayekuja na DVD yake ndiye aliyenifanya nifikiri sana, kwa sababu haja yake ni ya kweli: amenunua kwa halali na deki yake haiwezi kuisoma. Sheikh Ibn Uthaymin, Allah amrehemu, amepokewa akiruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake mwenyewe na kukataza kunakili kwa biashara, ingawa wapo waliozuia yote mawili. Mimi ninaelekea kwenye ruhusa, na ujira wako hapo ni ujira wa kazi ya mikono. Ila ruhusa hii ni nyembamba kuliko unavyoweza kudhani. Niliwahi kukaa kwenye kibanda cha kijana mmoja nikatazama kazi inavyokwenda. CD inabeba megabaiti 700 tu na DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, hivyo filamu ya saa mbili aliigawa kwenye CD mbili, akaziandika 1 na 2 kwa kalamu ya wino mzito, akamkabidhi mama aliyeleta DVD yake. Hadi hapo sikuona kosa. Lakini filamu ile ilibaki ndani ya kompyuta, na kabla sijamaliza chai yangu alikuja mteja wa pili akauziwa kutoka humo humo. Ukimaliza kazi ya mtu, basi, futa kilichobaki kwenye mashine yako. Itazame pia DVD unayoletewa, kwa sababu ikiwa jalada lake ni fotokopi na haina alama yoyote ya mwenye kazi, hiyo nayo ni ya wizi, na kuinakili ni kusaidiana katika dhuluma. Na filamu yenye uchafu, kuinakili hakufai hata mwenyewe akiruhusu.

Kauli ya huyo aliyekwambia wenye muvi si Waislamu ni kauli ya hatari, nami ninakuomba usiirudie. Imepokewa na Bukhari kwamba Mughira bin Shu'ba, katika zama za ujahiliya, alifuatana na watu akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja kusilimu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwambia kwamba Uislamu wake anaupokea, ama ile mali yeye hahusiki nayo kwa lolote. Wale hawakuwa Waislamu, na bado mali iliyopatikana kwa kuwahini waliokuamini haikukubaliwa. Wala usisahau kwamba kwenye orodha yako zimo muvi za Kibongo pia, na waliozicheza na kuzipiga picha ni ndugu zetu wanaosubiri mauzo ya kazi yao ili walipe kodi za nyumba. Hao wala si matajiri.

Kuhusu fedha zilizopita, uliyoyafanya bila kujua tunataraji Allah atakusamehe, lakini haki ya mja haiishi kwa kuomba msamaha pekee. Ukimjua mwenye kazi na ukaweza kumfikia, mtafute akusamehe au umlipe. Usiyeweza kumpata, kadiria faida uliyoipata kwake uitoe sadaka kidogo kidogo kwa niaba yake, bila kuwanyima wanao chakula.

CD ulizokwisha kuandaa usiziuze hata kwa bei ya hasara. Hizi za kawaida zikishabaniwa hazifutiki, hivyo zivunje. Mashine usiiuze. Watu wa harusi wanahitaji nakala za mikanda yao, na masheikh walioruhusu mawaidha yao yasambazwe wapo. Kazi hiyo ifanye ukiwa na moyo mkunjufu, na mteja wa Uru mwenye DVD yake halali umhudumie kama nilivyokueleza.

Wallahu aalam.